Pini Iliyokataa Kulala

Kioo kilikuwa kimevunjwa kwa adabu.

Vipande vyote viliangukia ndani ya kabati, hakuna hata kimoja kilichoruka kwenye zulia la ujia. Inspekta Verna Lisowski alichuchumaa akavitazama bila kuvigusa. Mtu aliweka kitambaa kizito juu ya kioo, akagonga mara moja, basi. Vikombe vya ubingwa vilikuwepo vyote, hata kile kikubwa chenye masikio kama ya tembo. Picha zilikuwepo. Kilichokosekana ni tufe moja jeusi la mpira, kuukuu, matundu yake matatu ya vidole yamelika kingo. Mwizi wa mjini asingeliokota hata angelikuta katikati ya barabara.

"La Florian," alisema Mama Rybicki nyuma yake. "Nilikuwa nalifuta vumbi kila Jumamosi. Yeye mwenyewe akiwa hai sikumfuta vumbi hivyo."

Alma Rybicki ndiye mwenye ukumbi wa bolingi, ambako watu huviringisha tufe kuangusha pini kumi. Mumewe Florian aliujenga akitoka vitani, njia kumi na mbili za mbao ngumu upande mmoja, baa upande wa pili, hapa kusini mwa Milwaukee ambako mtoto hujifunza kuhesabu pini kabla ya kuhesabu pesa. Florian amekufa. Jumatatu wabomoaji wanaingia. Usiku wa jana ulikuwa wa mwisho wa ligi, na leo, Ijumaa ya Kwaresima, samaki wa mwisho anakaangwa.

"Vitu vya kabatini ungevifanyia nini?" Verna aliuliza.

"Nimemwahidi mtu wa Chicago, anakusanya vya kale. Anakuja kesho."

"Nani alijua?"

"Nani hakujua? Na mdomo wangu huu?"

Verna alisimama. Kutoka jikoni ilikuja harufu ya mafuta ya moto na vitunguu, na chini yake ile nyingine, ya mbao iliyopakwa mafuta, viatu vya kuazima na moshi wa sigara wa miaka yote. Baba yake alikuwa akirudi nyumbani na harufu hiyo kwenye shati. Mama yake alikuwa akilitundika nje, hata wakati wa theluji.

"Nieleze raundi ya kumi, ile ya mwisho yenye mirusho mitatu," alisema.

Mama Rybicki alishusha sauti, ingawa hapakuwa na mtu karibu. "Ambrose mchinjaji alikuwa njia ya tano. Straiki, straiki, straiki. Kila tufe linaingia mfukoni, kati ya pini ya kwanza na ya tatu, zote kumi zinalala. Alipofika straiki ya tisa watu wakaacha kucheza. Mkewe akahama benchi, akaenda kukaa kule njia ya kumi na moja na rozari yake."

Verna hakuhitaji kuelezwa zaidi. Mtu mwenye straiki mfululizo hasemeshwi. Hupewi ruhusa ya kumpongeza, hukai kando yake, humwangalii usoni. Anaachwa peke yake kama mwenye ukoma, kwa mapenzi. Straiki kumi na mbili mfululizo ni mia tatu kamili, na mia tatu haijawahi kupatikana ndani ya ukumbi ule. Juu ya baa kulikuwa na ubao wa mjozi uliotengenezwa na Florian mwaka wa kwanza kwa ajili ya majina ya watakaoipata. Ubao ule ulikuwa unang'arishwa miaka yote, na haukuwa na jina hata moja.

"Nilichomoa waya wa sanduku la muziki," Mama Rybicki aliendelea. "Jikoni wakazima feni. Barafu ikigongana ndani ya glasi, unaisikia. Alipopata ya kumi na moja nikakimbilia ofisini kuchukua kamera. Nilipita hapa hapa. Kioo kilikuwa kizima, nilijitazama humo nikaweka nywele sawa."

"Una hakika ilikuwa baada ya ya kumi na moja?"

"Mwanangu, mimi nisahau mambo ya jana usiku? Watanizika nayo. Nikarudi mbele. Akarusha tufe la mwisho. Kishindo kile! Halafu..." Akatazama upande wa njia ya tano. "Halafu ndiyo hivyo. Mia mbili tisini na tisa."

"Ipi ilibaki?"

"Verna! Na wewe umekulia hapa!"

Ilikuwa kweli. Pini iliyomnyima mtu mia tatu haitajwi ndani ya ukumbi ule mpaka mwenyewe aitaje. Anaweza kuitaja kesho, anaweza kuitaja baada ya miaka. Baba yake Verna alikufa bila kuitaja yake.

"Ninaulizia kazi, Mama Rybicki. Siulizii umbea."

Mjane alitazama kulia na kushoto. Kisha akainua vidole vinane kifuani, akaviteremsha haraka. "Na iliinama," alinong'ona, akiulaza mkono wake polepole. "Iliinama mpaka nikaona chini yake. Halafu ikarudi. Mungu anisamehe, nilitukana mbele ya padri."

Konstebo Hruska alikuja kutoka mlango wa nyuma akijipangusa theluji mabegani. Alikuwa kijana mzuri, mwenye haraka, aliyelelewa mashambani kwenye ng'ombe. Hakuwahi kushika tufe maishani mwake.

"Afande, sijui tunatafuta nini. Mwizi tunaye tangu jana."

"Tuna Duane Plichta. Kama ni mwizi, bado hatujui."

Duane alikuwa fundi wa mashine za kupanga pini. Alitoka gerezani mwaka jana, akawa anamalizia kifungo nje kwa masharti, na Mama Rybicki pekee ndiye aliyempa kazi. Mkewe alimfungulia mlango tena wakati wa Krismasi. Jumatatu asubuhi angesimama mbele ya hakimu. Akisomewa shitaka lolote, hata la tufe kuukuu, anarudi ndani kumaliza miaka yake, na mlango ule wa mkewe hautafunguliwa mara ya pili.

"Hebu hesabu na mimi," Hruska alisema. "Ukumbi mzima ulikuwa mbele, umesongamana nyuma ya njia ya tano. Nani alikuwa nyuma peke yake? Duane. Mlango wa mashine uko wapi? Hapa, hatua chache kutoka kabatini. Nani ana kidole gumba kimechanika na damu kwenye mkono wa shati? Duane. Na zaidi ya hayo amenidanganya."

"Kivipi?"

"Anasema alikuwa anachungulia kutoka nyuma ya mashine. Nikamwuliza, sawa, ni pini ipi iliyobaki? Akasema, 'Ya pili kutoka mkono wangu wa kulia. Iliniinamia nikadhani inanisalimia, halafu ikabadilisha mawazo.' Nimeuliza watu, afande. Mstari wa nyuma una pini nne: saba, nane, tisa, kumi, kutoka kushoto kwenda kulia. Ya pili kutoka kulia ni tisa. Watu wote wananionyesha vidole vinane. Hakuwepo, amebahatisha."

Verna alikuwa ameshageuka kuondoka. "Njoo," alisema.

Aliufungua mlango wa mashine. Nyuma kulikuwa kwembamba na kweusi, kunanuka grisi. Mashine kumi na mbili zilisimama kimya kama ng'ombe zizini. Verna alipapasa mpaka kwenye swichi ya njia ya tano. Mashine ilikohoa, ikanguruma, ikashusha pini kumi nyeupe kwenye pembetatu yao, ikanyamaza.

"Wewe ndiye Duane. Chungulia hapo chini ya pazia. Unaona nini?"

Hruska aliinama. "Naona pini. Migongo ya pini. Mbali kule naona baa."

"Zilizo karibu na wewe ni zipi?"

"Hizi nne. Mstari wa nyuma."

"Inua mkono wako wa kulia. Hesabu kutoka huko."

Aliinua. Mdomo wake ulianza kuhesabu, ukakwama. Aliitazama baa, akaitazama pini, akageuka akaipa mashine mgongo, akageuka tena.

"Mkono wangu wa kulia ni kushoto kwao," alisema taratibu.

"Endelea."

"Kwa hiyo hii ya mwisho ni saba. Ya pili ni... nane." Alijikuna shingo. "Aliiona kweli."

"Aliiona tena kwa karibu kuliko mtu yeyote." Verna alikuwa ameshawasha tochi, anamulika ukingo wa bati kando ya shimo la pini. Palikuwa na alama ya kahawia, imekauka, na kipande kidogo cha ngozi. "Na gumba lake lilichanika hapa. Mtu akikosa mia tatu kwa tufe la mwisho, fundi husimamisha mashine kabla haijafagia, akaivuta ile pini kwa mkono, akampelekea mchezaji akaweke nyumbani. Duane alikuwa na haraka. Waulize watu waliona nini."

"Waliniambia," Hruska alisema, sauti imepoa. "Walisema mkono ulitokea ukaichukua ile pini wakati bado wanaguna."

"Sasa nijibu. Ukumbi kimya hivyo, barafu inasikika kwenye glasi. Mtu anavunja kioo saa ngapi asisikike?"

Hruska alifikiri. "Tufe linapopiga."

"Tufe la mwisho, kwa sababu kabla yake Mama Rybicki alijitazama kwenye kioo kizima. Tufe linapiga, kioo kinavunjika, kwa pumzi moja. Aliyeiona pini ikiinama hakuwa kabatini. Aliyekuwa kabatini hakuiona."

"Na wote wanasema waliiona."

"Wote wanasema," alisema Verna. "Twende tukale samaki."

Baa ilikuwa imejaa. Watu walikuwa wamevaa mashati yao ya ligi, yenye majina yaliyodariziwa kifuani, kana kwamba ni sikukuu. Sahani zilipita juu ya vichwa: samaki wa kukaanga, mkate mweusi wa nafaka ya rai, kabichi mbichi iliyochanganywa na siki, viazi vya kusagwa vilivyokaangwa kama chapati. Watoto walikuwa wanateleza kwa soksi kwenye njia ya kumi na mbili, na hakuna aliyewakataza. Zamani ungevuka tu mstari wa faulo mwanzoni mwa njia na viatu vya barabarani, Florian angekutoa nje kwa sikio.

Ambrose Tesch, mchinjaji wa mtaa wa pili, alikaa meza ya katikati na mikono yake minene kama mapaja ya nguruwe. Kando ya sahani yake ilisimama pini. Ilikuwa nyeupe, ina makovu, shingo yake ina mistari miwili myekundu, kama pini zote. Pini hazina namba. Namba ni ya mahali inaposimama. Ukiiondoa mahali pake, haijulikani ilikuwa ipi. Watu walipita wakaigusa kichwani bila kusema neno.

"Pole, Ambrose," Verna alisema.

"Ya nini? Mimi ni mzima, samaki ni mtamu." Alitafuna. "Mke wangu ndiye mgonjwa. Anasema ni kosa lake, alipiga chafya kwenye fungu la tatu la rozari."

Verna alikwenda meza kwa meza. Hakuandika kitu. Aliinama sikioni mwa mtu, akauliza, akasubiri. Fundi bomba aliinua vidole vinane chini ya meza. Dada wawili wa duka la mikate waliinua vidole vinane, mmoja akaulaza mkono, akaurudisha, akafumba macho kama mwenye jino bovu. Padri aliinua vidole vinane na kutazama darini. Kila mmoja alifanya mkono ule: ukainama, ukarudi.

Alibaki mtu mmoja, mwisho wa kaunta, chini ya ule ubao mtupu.

Mzee Casimir Drozda, ambaye mtaa mzima ulimwita Kaz, alikuwa mrefu na mkavu. Shati lake la kijani lilikuwa la timu ambayo wenzake wote walikuwa wameshazikwa: Florian Rybicki, Stash baba yake Verna, na wengine wawili. Mbele yake palikuwa na sahani ya samaki asiyeguswa. Miguuni pake palikuwa na mfuko wake wa tufe.

"Mtoto wa Stash!" alisema. "Kaa, mwanangu. Bado unarusha tufe kama mtu anayemwaga maji ya vyombo?"

"Nimeacha kurusha, mzee Kaz. Mgongo."

"Mgongo! Una miaka arobaini. Mimi mgongo wangu umeshahudhuria mazishi yake mwenyewe, na jana nimerusha." Alicheka, kikohozi kikamkata. "Nini, umekuja kunikamata? Nilikunywa bia ya Hruska?"

"Nauliza kila mtu. Jana tufe la mwisho la Ambrose, ulikuwa wapi?"

"Nyuma ya watu wote. Pale karibu na mlango wa choo. Mimi mrefu, naona juu ya vichwa."

"Ipi ilibaki?"

Kaz aliweka kidole mdomoni, akatazama upande wa Ambrose. "Ah, ah. Nani alikulea wewe?"

"Wewe na baba. Ninong'oneze."

Alisita, akainama. Pumzi yake ilinuka brandi na tangawizi. "Ya kona," alisema. "Kumi. Kwa mrushaji wa mkono wa kulia siku zote ni hiyo hiyo. Unapiga vizuri mno, zote zinalala, ile ya kona inabaki inakutazama kama shemeji."

"Iliinama?"

"Haikutikisika hata unywele."

Verna aliisogeza sahani ya samaki kando. Alimwita mhudumu wa baa, akaomba bilauri ndogo za brandi, tupu, kumi. Alizipanga kwenye kaunta moja moja: moja mbele, mbili, tatu, nne nyuma. Kaz alizitazama zikipangwa, na tabasamu lake likabaki usoni bila kazi.

"Unakumbuka?" Verna alisema. "Nilikuwa sijaanza shule. Baba anacheza, wewe unanikalisha juu ya kaunta hii na soda yangu. Unazipanga hivi. 'Verna, nionyeshe nne. Verna, saba imejificha wapi?' Nilijua namba za pini kabla sijajua kuandika jina."

"Ulikuwa mwepesi," alisema Kaz.

"Nionyeshe jana."

Mkono wake ulikuwa na mishipa na madoa. Aliziondoa bilauri tisa moja baada ya nyingine, akaiacha moja, kwenye kona ya kulia.

Hruska, aliyekuwa amesimama nyuma ya Verna, alivuta pumzi. Verna alimnyooshea kiganja anyamaze.

"Mzee Kaz, nimeuliza ukumbi mzima. Nimemwuliza hata padri. Wote wameiona pini moja, na siyo hii."

Kaz aliitazama bilauri.

"Usingeweza kuambiwa na mtu," Verna aliendelea taratibu, "kwa sababu hapa hakuna anayeitaja. Uliporudi mbele ulimkuta Ambrose ameshaishika mkononi, na pini ikiwa mkononi haina namba. Ukasikia mia mbili tisini na tisa. Mtu asiyejua mchezo angeuliza, au angekaa kimya. Wewe unajua mchezo, ukajaza mwenyewe."

Kelele za baa ziliendelea. Mtoto alianguka njia ya kumi na mbili, akacheka.

"Kishindo kilikuwa kizuri," Kaz alisema mwishowe. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Nilikisikia. Kishindo kama kile, miaka yote, ama hakiachi kitu ama kinaacha ya kona. Nikawasikia wanaguna. Nikasema, basi, ni kumi."

"Kitambaa cha kufunikia kioo ulitoa wapi?"

"Taulo langu la kufutia tufe. Nilijua hakuna atakayegeuka. Hata nyumba ingeungua." Alisukuma mfuko kwa kiatu, ukagonga kaunta kwa uzito. "Liko humu. Nilikuwa nalirudisha. Asubuhi kanisani nikasikia wamemchukua yule kijana. Nikaja nalo. Nikafika, nikaona utepe wenu wa njano kwenye kabati, miguu ikaja kaunta yenyewe."

"Duane amelala chini ya ulinzi usiku mzima," Verna alisema. "Jumatatu wanamrudisha ndani. Na wewe umeagiza samaki."

"Sijamla."

"Hilo nitamwambia hakimu?"

Kaz aliinama miguuni pake. Aliufungua mfuko. Tufe lilikuwa jeusi bila mng'ao, na ndani ya tundu la gumba kulikuwa na tabaka za plasta ya zamani, ya rangi ya chai.

"Unaona hiyo plasta? Ni yangu. Tulilinunua pamoja, mimi na Florian, tukiwa kiwandani. Likatobolewa kwa kipimo cha mkono wake, kwa sababu magumba yake yalikuwa manene kama pembe za fahali. Zamu yangu ikifika naweka plasta tundu lipungue, zamu yake ikifika anaibandua huku ananitukana. Alipojenga ukumbi, alinunua lake jipya, hili nikabaki nalo mimi. Halafu akataka liwekwe kabatini. Nikampa. Unamnyimaje Florian?" Alipitisha kidole kwenye tundu. "Sasa linakwenda Chicago, kwa mtu anayekusanya."

"Kaz Drozda."

Mama Rybicki alikuwa amesimama upande wa pili wa kaunta na sahani mbili mikononi. Haikujulikana alikuwepo tangu lini.

"Ungeniomba," alisema.

"Ningekuombaje, Alma? Mzee mzima, nigonge mlango wa mjane, nidai tufe?"

"Ungeniomba, ningekunyima. Kisha ningelia. Kisha ningekupa." Aliziweka sahani chini kwa nguvu, kabichi ikamwagika. "Yule kijana ana mtoto wa kike, mjinga wewe. Anamfundisha kuendesha baiskeli nyuma ya jengo langu."

"Najua."

"Basi kama unajua, unangoja nini hapo?"

Kaz alisimama. Alivaa koti lake, akakosa mkono mmoja, Hruska akamshikia. Baa ilikuwa imeanza kunyamaza meza kwa meza, kama jana, na watu walikuwa wanatazama sakafu, samaki, dari. Hakuna aliyemtazama usoni. Benchi zilizokuwa karibu naye zilikuwa zimebaki wazi.

"Nitaandika maelezo yote," alimwambia Verna. "Nitasema mbele ya kijana mwenyewe. Asikae huko zaidi kwa ajili yangu." Alifunga kifungo cha juu. Kisha akaitazama tena ile bilauri iliyobaki kwenye kona. "Mwanangu."

"Naam."

"Miaka thelathini na tano nimengoja mia tatu ndani ya ukumbi huu. Kila Alhamisi. Na tufe la mwisho lilipokuja nilikuwa kwenye kile kiujia cha kabati, nimegeuza mgongo, nina taulo mkononi." Aliigusa bilauri kwa kidole. "Ilibaki ipi?"

Verna alifungua mdomo. Halafu akamtazama Ambrose. Halikuwa jambo lake kulisema.

Kiti kilikwaruza katikati ya baa. Ambrose Tesch aliinuka, akajifuta mikono kwenye shati la ligi, akaja. Watu walimpisha. Alisimama mbele ya kaunta, akakunja uso kama mtu anayechagua nyama, akaanza kuzirudisha bilauri mahali pake, zote kumi. Kisha akaziondoa kwa kiganja kimoja, kwa mkupuo, zikalia. Akaacha moja. Mstari wa nyuma, ya pili kutoka kushoto.

"Nane," alisema kwa sauti, baa nzima ikasikia. "Ilikuwa nane, shetani mkubwa. Na ilifanya hivi."

Aliweka kidole chake kinene juu ya ukingo wa bilauri, akaiinamisha polepole, ikainama, ikainama, mpaka ikawa imesimama kwa ukingo mmoja tu. Mtu mmoja nyuma aliguna. Ambrose akaondoa kidole.

Bilauri ilirudi ikakaa, ikayumba kidogo juu ya mbao, ikalia kwa sauti nyembamba.

Kaz aliitazama mpaka ilipotulia kabisa. Kisha akauokota mfuko, akatangulia mlangoni.